Kuufuata Nile Bila Mzigo

Nilijiponza mwenyewe mbele ya watu, nikiwa na soda mkononi. Ilikuwa siku ya kumuaga mke wangu, ambaye mimi na mtaa wetu wote tunamwita Mwalimu, baada ya kufundisha jiografia miaka thelathini katika sekondari moja ya hapa mjini. Wenzake walimmwagia sifa, wakampa kitenge na saa ya ukutani, kisha wakamwomba aseme neno. Akasema amewafundisha watoto mito yote ya dunia, lakini mto mkubwa kuliko yote aliouona kwa macho yake ni Wami, tena kupitia dirisha la basi la kwenda Moshi. Watu wakacheka. Mimi nilimtazama usoni nikaona kwamba hatanii.

Mshereheshaji akanigeukia. Akasema kwa bahati nzuri mume wa Mwalimu amezunguka dunia, basi asimame atuambie huko nje kukoje. Nikasimama. Ni kweli, mimi ni muuza mapazia wa Kariakoo na nimeenda Guangzhou mara nyingi kuliko nilivyoenda kwetu Machame Krismasi, na Mchaga akikuambia hivyo ujue amekiri dhambi. Nikatafuta kichwani kitu cha kuwasimulia. Nikakuta stoo, lifti za mizigo, na wali wa mgahawa mmoja unaopikia Waafrika. Hoteli niliyokuwa nikilala miaka yote ile iko karibu na mto mkubwa, watu huja kutoka mbali kuupiga picha, na mimi sikumbuki una rangi gani. Nilisimama pale nikaona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikasema jambo la kwanza lililonijia: nitampeleka Mwalimu Misri akauone Mto Nile, tutatembea mji kwa mji, tena bila mzigo. Ukumbi ulipiga makofi, na waliocheka zaidi ni wale waliosikia hilo neno la mwisho.

Jumatatu iliyofuata, dukani, tulianza kupanga. Ramani yetu ilikuwa ubavu wa boksi la mapazia, na kalamu yetu ile nene ya kuandikia mizigo. Mimi nilipanga kama ninavyojua kupanga. Kairo siku saba, hoteli iwe jirani na mitaa ya vitambaa, na kama muda ukibaki, piramidi. Mwalimu alilisoma boksi hadi mwisho, akaligeuza upande wa pili na kuanza upya. Akachora mstari mmoja kutoka chini hadi juu, akaweka nukta nne: Aswan, Luxor, Kairo, na juu kabisa kamji kanakoitwa Rashid, mahali ambapo tawi moja la Nile linaingia baharini. Akasema tutaufuata mto kule unakoelekea, kusini kwenda kaskazini, kama alivyouchora ubaoni. Nikamwambia ndege zinatua Kairo, na mtu mwenye akili huanzia pale anaposhukia. Akasema basi tutashuka tukiwa tumefumba macho.

Nilikuwa nasikia habari za mstari huo tangu tulipooana. Kila mwaka, alikuwa akisimulia, kuna mwanafunzi ananyoosha mkono na kuuliza mto unapandaje juu, maana ubaoni kaskazini iko juu, na maji ya nyumbani kwao yanashuka. Kila mwaka anamjibu kwamba juu ya ramani siyo juu ya mlima. Mwanafunzi anaandika, lakini macho yake hayajakubali. Mwalimu alitaka kwenda kuona kwa macho alichokuwa akikiapia mbele ya watoto wa watu. Sharti lake jingine lilikuwa lile lile nililojitangazia mwenyewe: hakuna kununua, hakuna kuulizia bei ya jumla, hakuna sampo. Aliniambia, "Nataka mtu wa kuona naye, Baba Neema. Wa kubeba mabegi nitampata huko huko." Nikakubali, na wakati nakubali nilikuwa na nia safi kabisa.

Kariakoo nia safi haikai siku mbili. Duka linalopakana na langu ni la Salum, Mwarabu wa hapa hapa mjini, muuza mashuka, ambaye kwa miaka kumi na minane tumeshiriki ukuta mmoja wa fremu na birika moja la kahawa. Mimi nikisafiri, yeye ndiye anayefungua duka langu, na yeye akisafiri nafungua lake. Sheria ya mtaa wetu haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: anayesafiri habebi mabegi yake tu, hubeba na agizo la jirani aliyemwachia funguo. Nilipomwambia Salum naenda Misri kutalii, alimimina kahawa, akaniuliza chimbo liko mji gani. Chimbo, kwa wasioishi kwetu, ni pale mtu anapopata mzigo mzuri kabla wengine hawajapajua. Nikamwambia hakuna chimbo, naenda kuangalia mto. Akasema sawa, Mungu akuongoze huko kwenye mto.

Kufikia mwisho wa wiki mtaa mzima ulijua kwamba Mangi, yaani mimi Mchaga wao, amegundua pamba ya Misri na anaificha nyuma ya mke wake. Hata vijana wa mikokoteni waliniuliza kontena linaingia lini. Nilikasirika, halafu nikazoea, halafu, nikisema kweli, nikaanza kujiuliza hiyo pamba ikoje. Siku moja kabla ya safari Salum alikuja kwangu polepole. Hakutaka mengi, alisema, sampo moja tu ya kitambaa kizito cha pamba, kipande cha ukubwa wa kiganja, na namba ya simu ya muuzaji. Ningemkataliaje mtu anayeshika funguo za riziki yangu? Nikaitikia kwa kichwa. Mwalimu hakuwepo.

Alfajiri ya kuondoka tulimkuta Salum amekuja na mkewe, Bi Rahma, kutuaga mlangoni. Bi Rahma alimpa Mwalimu ubani wa kunusa ndege ikiyumba. Tulipitia Addis Ababa, tukafika Kairo mchana, na pale kiwanjani tukabadilisha ndege ya kwenda Aswan. Ndipo nilipojua kwamba yale maneno ya kufumba macho hayakuwa mzaha. Mwalimu alipewa kiti cha dirishani, abiria wenzetu wote wakanyoosha shingo kuutazama Nile kutoka juu, na yeye akashusha kifuniko cha dirisha na kukaa ameikunja mikono. Alisema kitabu hakisomwi kuanzia katikati. Kijana aliyekaa upande wa njia alimwomba akifungue kidogo tu apige picha, akanyimwa.

Aswan ilitupokea kwa joto ambalo sisi watu wa Dar, tunaojisifia jasho, hatukuwa na jina lake. Jasho halitoki hata kidogo, linakaushwa kabla hujaliona. Tulifikia ng'ambo ya magharibi, katika nyumba ya mwanamke Mnubi aitwaye Samira, yenye kuta za buluu na ua wa mchanga unaofagiliwa kila asubuhi. Yeye na Mwalimu walizungumza Kiingereza, na mimi nilipata tafsiri kwa awamu. Samira alitupa ratiba ya mji wake: toka kabla ya saa mbili asubuhi, lala adhuhuri, toka tena jua likiinama, na maji unywe kabla kiu haijakuambia. Kisha akamnong'oneza Mwalimu swali, na Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. Samira alitaka kujua kama mume wa mgeni wake anatafuta kunguni. Mimi nilikuwa nimeshika pazia la chumbani, nimeligeuza nyuma, natazama mshono.

Asubuhi ya pili, kabla ya saa moja, tuliteremka mtoni. Sikiliza, Nile ya Aswan ni nzuri. Maji ni ya kijani kibichi, yanapita kati ya mawe makubwa meusi, na upande wetu mchanga unashuka moja kwa moja hadi ukingoni. Hayo nimeyajua baadaye. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga picha ya pazia la Samira na kumtumia Salum, na Salum akanipigia saa hiyo hiyo, nami nikageuka kando ili upepo usiingie kwenye simu. Mwalimu alikuwa amechuchumaa na dira ya plastiki aliyotoka nayo shuleni kwenye kiganja. Alimega kipande cha mkate, akakiweka majini, akaitazama dira, akautazama mkate. Nilimsikia akiniita. Nikamnyooshea kidole, yaani subiri kidogo. Nilipokata simu na kugeuka, mkate haukuwepo, na yeye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nikamuuliza umeelekea wapi. Akasema kaskazini, moja kwa moja, kama alivyowaambia watoto. Nikamwambia aweke mwingine nami nione. Akakunja karatasi ya mkate na kuitia mfukoni.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema.

"Si nilikuwa hapa hapa?"

"Hapana, Baba Neema. Ulikuwa Kariakoo."

Hakusema kwa ugomvi, na hicho ndicho kilichoniuma. Njia nzima ya kurudi alinionyesha miti na ndege kwa upole kama anavyomwonyesha mgeni, na mimi nilitembea nyuma yake nikijichukia kidogo.

Luxor tulifika kwa treni siku iliyofuata, mwendo wa saa tatu na zaidi, mashamba ya miwa na mitende upande mmoja, jangwa upande mwingine. Niliazimia kutubu. Katika hekalu kubwa la pale, lenye nguzo ambazo watu wanane hawawezi kuikumbatia moja, nilizima simu kabisa. Niliinua shingo mpaka ikauma. Nilimuuliza Mwalimu maswali kama mwanafunzi anayetaka kukaa mbele, na yeye akanieleza jinsi mafuriko ya mto yalivyokuwa yanaleta tope, tope likaleta chakula, na chakula kikawapa watu nafasi ya kusimamisha nguzo. Tulikula matikiti chini ya kivuli cha ukuta, tukacheka habari za kunguni. Nilijiona nimesamehewa.

Adhuhuri, hotelini, aliumwa kichwa kwa sababu ya jua. Akafungua begi langu kutafuta dawa. Chini ya mashati yangu, umekunjwa vizuri kama bahasha, akaukuta ule mfuko mkubwa wa miraba tunaouita shangazi kaja. Niseme ukweli wangu wote hapa. Sikuuweka kwa hila. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo husafiri na begi tupu ndani ya begi, maana huendi na ulichonacho, unarudi na ulichopata. Mikono yangu iliufungasha yenyewe, kama inavyovaa saa. Lakini nilipoanza kujitetea, na la agizo la Salum likatoka, kwa sababu mtu akianza kukiri hajui pa kusimamia.

Mwalimu aliukunja tena ule mfuko, akaurudisha pale pale alipoukuta. Akasema Salum ni jirani mwema na agizo la jirani lina haki yake. Kwa hiyo tukifika Kairo, baada ya piramidi, mimi niende kwenye vitambaa vyangu, na siku ya Rashid yeye ataenda peke yake. Ameshazoea kuwaeleza watu mambo ambayo hawapo kuyaona. Kisha akanywa dawa na kulala akielekea ukutani. Nilikaa kwenye kiti mpaka alasiri nikitazama pazia la chumba kile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujali limeshonwa vipi.

Kairo tulifika kwa treni ya mchana kutwa, tukiwa tumechoka na tumejaa vumbi. Mji wenyewe ungemfaa mtu wa Kariakoo: honi, wachuuzi, watu wanaovuka barabara kwa imani tu. Asubuhi tulikwenda kwenye piramidi. Mwalimu alizizunguka polepole na kofia yake, mimi nikimshikia chupa ya maji, tukizungumza kwa adabu kupita kiasi. Kuna adabu ya watu waliooana ambayo ni mbaya kuliko kelele. Mchana akaniambia haya, nenda, na mimi nikaenda.

Katika mtaa mmoja wa vitambaa, karibu na msikiti mkongwe, nilimkuta Haji Fathi. Alikuwa mzee mnene mwenye duka lililojaa majora mpaka darini, na Kiingereza chake kilikuwa kibaya sawasawa na changu, kwa hiyo tulielewana mara moja. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliona vidole vyangu vinavyosugua kitambaa, akaagiza chai. Alishusha jora moja la pamba nzito, akalikung'uta hewani, na lilivyoanguka, wenzangu wa mapazia wanielewe, liliteremka bila kuacha hata kunyanzi moja. Sikuwahi kuona kitu kile Guangzhou wala Istanbul. Haji Fathi akasema hilo ni dogo, mazuri yako stoo nje ya mji, na kesho saa nne gari lake linakwenda huko, niende naye. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Basi chimbo lilikuwepo kumbe, na Salum alilijua kabla yangu.

Alfajiri ya siku ya mwisho Mwalimu aliamka kimya ili asiniamshe. Nilikuwa macho. Dereva wa kumpeleka Rashid alikuwa anamsubiri chini, maana ni mwendo wa saa nne. Nilimwona akifunga kamba za viatu, akatia dira kwenye mkoba, akatia chupa ya maji, kisha akachukua mikate, ile ya kwao ya duara iliyo myembamba. Alitia mmoja. Akasimama kidogo. Akatia wa pili.

Hakuna aliyemsemesha wala aliyemwangalia, kwa jinsi alivyojua yeye. Alikuwa amesema ataenda peke yake, na bado akafungasha kwa watu wawili, kama mimi nilivyofungasha shangazi kaja. Nilishuka kitandani nikatafuta suruali. Aliniuliza naenda wapi mapema yote ile, stoo si saa nne? Nikamwambia naenda Rashid. Alinirushia soksi zangu.

Njiani, kabla hatujatoka mjini, nilimwomba mtu wa hoteli kwa simu aniombee radhi kwa Haji Fathi. Halafu nikampigia Salum, na huyo alikuwa mgumu zaidi. Nilimweleza yote: kitambaa nimekiona, ni kizuri, na siendi kukifuata, na sampo sikuchukua kwa sababu nilidhani ningechukua leo.

"Mangi," akasema, "mtu anaacha mzigo kwa sababu ya mto?"

"Ndiyo, Salum."

 Akasema basi niseme tu kwamba nimepata chimbo na sitaki kumwonyesha, na simu ikakatika. Miaka kumi na minane ya birika moja. Nilikaa na ile simu mkononi nikiwa na huzuni, na Mwalimu akaichukua, akaizima, akaitia kwenye mkoba wake pamoja na mikate.

Rashid ni mji wa nyumba za matofali mekundu na meusi, wa mitende na harufu ya samaki. Tulipita mjini tukaendelea mbele, hadi barabara ilipokwisha na ardhi ikawa mchanga. Mwalimu alisema hapa panafanana na Kivukoni, alipokuwa akiwapeleka wanafunzi wake waone maji yanavyoingia na kutoka, tofauti ni kwamba hakuna anayekunadia samaki changu. Mto ulikuwa mpana na umechoka, rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake bahari ya buluu. Hapakuwa na mahali pa kukaa. Nikafungua begi langu dogo, nililoliandaa jana kwa ajili ya stoo, nikatoa shangazi kaja, nikautandika chini. Aliutazama, akanitazama, akakaa.

Akamega kipande cha mkate, akakiweka majini. Tukakitazama wote wawili. Kilikwenda hatua mbili, kikazunguka, na upepo wa baharini ukakirudisha hadi miguuni petu. Akaweka kingine, nacho kikarudi. Cha tatu kilichukuliwa na ndege mweupe. Nikamwona Mwalimu ameanza kukunja uso, akaeleza kwamba huku mwishoni mto hauna nguvu tena, mabwawa yameukamata njiani, na pembeni upepo ndio unaotawala. Alikuwa anaeleza vizuri, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya darasa.

Nikaomba ule mkate wa pili, mzima mzima. Msomaji, mimi sijui jiografia, lakini nimerusha majora ya vitambaa juu ya rafu tangu nikiwa kijana, na bega langu linajua kazi hiyo. Nikasimama, nikaukamata ule mkate ubavuni, nikaurusha kwa nguvu zangu zote. Ulipaa bapa, ukapita juu ya maji ya pembeni, ukatua katikati kabisa. Kwa muda haukufanya kitu. Kisha, polepole mno, ukaanza kwenda.

Sikumbuki tulikaa muda gani. Dereva alilala ndani ya gari. Sikuwa na simu, sikuwa na bei ya kuuliza, na sikuwa na pazia la kugeuza, na kilichonishangaza ni kwamba sikuchoka. Niliona mahali ambapo maji ya chai yanakutana na maji ya buluu, jinsi mstari ule unavyopinda na kunyooka. Niliona mkate unavyozama upande mmoja na kuinuka. Ulipofika kwenye ule mstari ulikuwa nukta tu, kama ile aliyoichora juu ya boksi, halafu ukavuka.

"Umeuona?" Mwalimu akauliza.

"Nimeuona."

Akanishika mkono, jambo ambalo watu wa umri wetu hatulifanyi hadharani, na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye gari. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote ya kushusha kontena, na sioni haya kuliandika hilo.

Dar es Salaam tulirudi siku mbili baadaye, na asubuhi yake nikaenda Kariakoo kuchukua funguo. Shangazi kaja nilikuwa nao kwapani, maana ulikuwa na mchanga na Mwalimu hakutaka uingie ndani. Hilo lilikuwa kosa la mwaka. Kabla sijafika dukani habari ilikuwa imefika: Mangi karudi na mfuko wa mzigo. Watu wa mtaa walikusanyika kana kwamba nimekuja kugawa. Salum alitoka kwake, akanisalimia salamu fupi, akanipa funguo bila utani wowote. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko.

 Niliufungua pale barazani, nikaupindua, nikaukung'uta. Ulitoka mchanga wa Rashid na makombo ya mkate, basi. Salum aliinama akaokota punje chache za mchanga, akazisugua kwa vidole kama anavyosugua shuka. Wengine walicheka wakatawanyika, na mwingine akasema kweli uzee umeingia Kariakoo. Salum peke yake hakucheka. Alirudi ndani, akatoka na birika, akamimina vikombe viwili.

Tulikunywa. Baada ya kikombe cha pili akaniambia kwamba siku ile baada ya kukata simu alimsimulia mkewe kwa hasira, akitegemea atamuunga mkono. Bi Rahma akamuuliza jambo moja tu: China, ambako yeye Salum amekwenda miaka yote hii, kukoje? Salum alifikiri, akamwambia kuna stoo. Bi Rahma akaenda jikoni na hakurudi kumaliza mazungumzo.

"Mangi, mtu anapanga vipi safari kama hiyo?" akaniuliza, kwa sauti ya chini ili vijana wake wasisikie. "Maana mimi kupanga ninakokujua kunaanzia kwenye mzigo."

Mchana Mwalimu alikuja dukani na Bi Rahma. Lile boksi letu lilikuwa bado nyuma ya kaunta, na Mwalimu akalitoa, akamchorea Salum mstari ule ule kutoka chini hadi juu, akaweka nukta zake nne. Salum alisimama mikono nyuma, akalikagua kama anavyokagua bidhaa ya mtu asiyemjua. Kisha akauliza lile swali, yeye mtu mzima mwenye wajukuu.

"Samahani, Mwalimu. Huu mto unapandaje juu?"

Mwalimu alivuta pumzi kujibu, kama alivyojibu miaka thelathini. Nikaichukua ile kalamu mkononi mwake.

"Haupandi," nikamwambia Salum. "Unashuka. Mimi nimeuona."